Kengele za Tupumuzike

Umeme ulikatika Mahamudu akiwa amebakiza upande mmoja wa mfuko, kwa hiyo akachukua sindano ya kushonea magunia na kuumalizia kwa mkono. Alikuwa amekaa uani kwa shemeji yake Mariam, huko Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, blanketi begani kwa ajili ya baridi ya Julai, turubai la njano limetandazwa magotini. Uani kulikuwa na watu, kama kawaida ya nyumba hiyo: wamama waliokuja kuomba chumvi wakabaki, watoto wa nyumba za jirani, na Yasmine wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwa amekuja kuomba kitu.

"Yaya Mahamudu, iko mufuko ao iko kanzu?" aliuliza Yasmine, ambaye humwita kila mkubwa wake yaya, yaani kaka. "Tia mikono, Feza aivale ku ndoa."

"Hii ni bâche ya camion. Mvua yote ya Katanga inaweza kunyesha, mu ndani munabakia kukauka."

"Mvua mu Julai?"

Wakacheka wote, hata Mahamudu, na sindano ikaendelea.

Mfuko ulikuwa wa Feza, binti wa Mariam, ambaye Jumamosi angeondoka katika mashindano ya baiskeli kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi na kurudi. Kila mshindani alitakiwa kubeba vitu vyake vyote mwenyewe, chakula, blanketi, pampu, viraka, na kulala popote ambapo usingizi utamkuta. Watu wa mtaa walikuwa wamelijadili jambo hilo juma zima. Walielewa kabisa mtu kubeba mizigo kwa baiskeli siku nzima. Ambacho hawakuelewa ni kuibeba mpaka Kolwezi na kurudi nayo bila kuiuza.

Feza aliijua barabara. Baba yake alibeba makala, yaani mkaa wa kupikia, katika barabara hiyo, magunia yamepangwa kwenye baiskeli mpaka yakampita kichwa, kisha Djafari, kaka yake mkubwa, akachukua nafasi ya baba. Feza naye alibeba kwa misimu michache kabla ya mama yake kumwondoa barabarani kwa kilio. Baiskeli, ambayo huko huitwa kinga, aliyokuwa anakwenda kushindana nayo ilikuwa ya Djafari. Uma wa mbele uliimarishwa kwa vyuma vya ujenzi, taa yake iliwaka kwa dinamo, na kila kitu kilifungwa kwa mikanda iliyokatwa kwenye mipira ya ndani ya magurudumu, ambayo haikatiki, hailegei, na ukiisahau juani inakushika zaidi.

Djafari alikufa mwaka juzi pale Tupumuzike. Ndivyo wabeba makala wanavyokiita kilima kirefu kati ya Likasi na Lubumbashi, kwa sababu ukifika juu hakuna neno lingine la kusema. Hakuna anayekipanda peke yake na mzigo. Anayetangulia anasukumwa na mwenzake mpaka juu, anaegemeza baiskeli yake kwenye jiwe, kisha anashuka kwa miguu kumsukuma anayefuata. Djafari alikuwa ameshasukumwa. Alikuwa anashuka kumfuata mtu anayeitwa Chanda, ambaye alikuwa anangoja chini, wakati lori jekundu lilipomkuta. Lori hilo liliendelea na kumkuta Chanda pia.

Kampuni ya malori mekundu ilieleza kwamba marehemu alikuwa katikati ya barabara, juu ya baiskeli isiyo na taa. Baiskeli ilikuwa kileleni, imeegemea jiwe, magunia yote juu yake, na taa. Jambo hilo lilisemwa msibani na lilisemwa sokoni. Kwa kumaliza mambo vizuri, kampuni ilileta jeneza, ambalo familia ya Kiislamu haikuwa na kazi nalo. Liko nyuma ya nyumba mpaka leo, kuku wanatagia humo.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyogharimia mashindano. Asubuhi ya Jumamosi, huko Kasapa, kando ya chuo kikuu, washindani walivishwa vizibao vinavyong'aa vyenye picha ya lori mgongoni. Feza alivaa cha kwake ndani nje. Casimir, msimamizi wa mashindano, mtu mwenye sauti ya kutosha lakini aliyependa kipaza sauti, alisoma masharti.

"Kusaidiwa, apana. Kusukumwa, apana. Kama kitu iko ya bantu bote, sawa: duka, maji ya pompe, kivuli ya muti. Kama iko yako weye peke yako, unatoka mu course. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana," walijibu, wakaondoka.

Nyumbani kwa Mariam hakuna aliyeondoka. Kila mshindani alikuwa amefungiwa kwenye usukani kisanduku kidogo kama cha kiberiti, na kisanduku hicho kilimfanya aonekane kwenye simu kama nukta inayotembea juu ya ramani. Nukta ya Feza ilikuwa ya kijani. Yasmine ndiye aliyekuwa na simu nzuri, kwa hiyo alihamia hapo na godoro lake. Alitangaza kila kitu: Feza amefika Likasi, Feza amesimama, bila shaka anakula, Feza amewapita wanaume fulani, na hapo wamama wakapiga vigelegele hadi mwadhini wa msikiti wa karibu akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani anaolewa. Wakati wa kwenda alishuka Tupumuzike bila kukanyaga pedali, na hakuna kilichotokea. Aligeuza Kolwezi. Alilala Kambove chini ya kibaraza cha duka la simu, kichwa juu ya mfuko wa njano. Alipoamka alikuwa wa tatu.

Siku ya kurudi, jua likiwa limeanza kuegemea, alifika chini ya Tupumuzike. Aliitazama barabara nyuma yake kabla ya kuanza kupanda, kama alivyofundishwa. Ilikuwa tupu mpaka inapokunja.

Katikati ya kilima, pale ambapo magoti huanza kulalamika, mkono uliwekwa kwenye mfuko wa njano na kusukuma.

Feza hakugeuka. Anayesukumwa hageuki, kwa sababu ukigeuka gurudumu la mbele linayumba, na kinachoyumba pale kinaishia chini ya lori. Alisikia pumzi ya mtu anayefanya kazi. Alisikia harufu ya magunia yaliyolala kwenye umande. Miguu iliendelea, na baiskeli ilipanda vizuri sana, kama inavyopanda inaposukumwa na mtu anayejua kilima. Kilichomtisha zaidi ni kwamba mkono ulikuwa umewekwa upande wa kushoto, chini kidogo, mahali ambapo kaka yake alipenda kuuweka.

Alipofika juu, mdomo wake ukasema wenyewe neno ambalo baba yake alilisema, na Djafari, na kila mtu aliyewahi kubeba makala barabara ile.

"Nitashuka."

Mkono ukaondoka.

Mbele kidogo ya kilele kuna mama anayeuza mihogo ya kuchoma. Hapo alimkuta Élie, mwanafunzi wa chuo, mwenye baiskeli iliyokuja kwa ndege na mifuko iliyoingia kila pembe ya fremu kama imeotea hapo. Alikuwa anatafuna na kutazama miguu yake.

"Na weye balikusukuma?" Élie aliuliza.

"Balinisukuma."

"Wote banasema balibasukuma. Ule wa mbele pia. Mie nilisema merci, mutu akaniacha, nikaendelea. Weye ulisema nini?"

Feza aliirudisha baiskeli barabarani. Alipanda baiskeli, na baiskeli ikakataa. Iliondoka, ndiyo, lakini kama baiskeli yenye magunia. Kila alipokanyaga pedali kuelekea Lubumbashi mzigo uliongezeka. Matairi yalilala chapa kwenye lami ingawa yalikuwa na upepo wa kutosha. Fremu ililia. Alishuka akafungua mfuko: blanketi, viraka, mkate wa jana, basi. Alipoufunga aliona alama upande wa kushoto, chini kidogo. Ilikuwa ya kiganja, nyeusi ya makala, na kidole cha shahada kilikuwa kifupi. Djafari aliacha ncha ya kidole hicho kwenye mnyororo wa baiskeli akiwa mtoto.

Akapiga simu nyumbani. Yasmine aliweka sauti ya nje ili watu wasikie, maana nyumba nzima ilikuwa imeshaona nukta imesimama.

"Mama, balinisukuma pa Tupumuzike."

"Nani?" aliuliza Mariam.

"Mukono iko ya yaya Djafari."

Uani hakuna aliyepiga kelele. Mmoja wa wamama alisema Djafari tangu zamani alikuwa mtu wa kazi, mwingine akakubali. Mariam peke yake ndiye aliyeweka chini bakuli alilokuwa ameshika.

"Ulimujibu nini, mutoto yangu?"

"Nilimuambia nitashuka."

Kuku walisikika wakikwaruza ndani ya jeneza.

"Usishuke," Mariam alisema. "Unanisikia? Acha iyo kinga pa njia, panda camion ya bantu, kuya ku nyumba. Djafari alisema atashuka. Akashuka. Nilimuzika juu ya ilo neno. Sina mutoto mwingine wa kushusha."

Mahamudu akaomba simu. Naye alikuwa amebeba makala ujanani, kabla mgongo haujampeleka kwenye cherehani.

"Feza. Iyo kinga inaenda?"

"Haiendi, baba mudogo."

"Na haitaenda. Unajua."

"Niko naogopa."

"Na shiye tuko naogopa, wote wenye kuwa hapa. Tembea mu majani. Usikanyage goudron, ile lami, hata ukiwa unasema naye."

Mariam alimnyang'anya simu, lakini ilikuwa imeshakatika. Yasmine aliishika, na kila mtu akasogea kutazama. Nukta ya kijani ilikaa muda mrefu mahali pamoja. Kisha ikageuka ikaanza kurudi, haraka, kwa sababu kuelekea kilima baiskeli haikuwa na uzito wowote.

Feza aliiegemeza kwenye jiwe, palepale ilipowahi kuegemea. Alifungua kisanduku kwenye usukani akakitia mfukoni, si kwa sababu ya mashindano, ila ili mama yake aone. Akaanza kushuka kwa miguu ndani ya nyasi kavu.

Hakusikia kitu. Ndege walilia, nyasi zikasugua suruali yake, na mbali sana mtu alikuwa anakata kuni. Kisha upepo ukamvuta kizibao, na ukuta mwekundu ukampita begani, mrefu, usio na mwisho, bila mlio hata mmoja. Aliona magurudumu yanazunguka. Aliona boliti moja moja. Ulipopita alikuwa amekaa chini na hakukumbuka kukaa.

Lilikuwa lori la kampuni linarudi migodini. Madereva waliambiwa wazime injini kileleni na kuliacha gari lijiendee lenyewe mpaka chini, kwa kubakiza mafuta. Likishuka hivyo linakata kona kwa upande wa wanaopanda, kwa sababu ndiyo njia fupi.

Chini ya kilima walikuwa wanangoja. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba ajali za hapo ni chache na za kusikitisha, na watu iliowataja wangetosha kwenye benchi moja. Hawa wangejaza ua wa Mariam siku ya harusi. Walisimama kando ya baiskeli zao, kila mmoja na magunia yake, wamepanga mstari wakimpa aliyetangulia nafasi, wengine na nguo ambazo hazivaliwi tena siku hizi. Walikuwa wamevunjika upande wa kushoto, wote. Feza alitaka kukimbia, lakini njia ya kukimbilia ilikuwa lami.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Chanda.

"Umekawia," Chanda alisema.

"Nilikuwa ku Kolwezi."

"Na kinga ya Djafari?"

"Na kinga ya Djafari."

"Bon. Sukuma. Makala inapata unyevu."

Aliweka mikono kwenye gunia la nyuma na kusukuma. Gunia lilikuwa baridi. Chanda alikuwa mzito kama mtu yeyote mwenye makala, wala si zaidi, na jambo hilo lilimtuliza kidogo. Walipofika kwenye kona mkono mwingine ukatokea pembeni ya wake, upande wa kushoto, chini kidogo. Hakutazama zaidi ya kiwiko.

"Miguu yako iko na nguvu," Djafari alisema. "Kumbe unakulaka siku hizi."

"Na weye mukono yako ilichafua mufuko ya baba mudogo."

"Atasafisha."

"Haitoki. Ile haitoki hata na sabuni." Alisukuma hatua kadhaa. "Yaya, ile siku ulikuwa pa katikati ya njia?"

"Nilikuwa mu majani. Sikusikia kitu. Camion haikulia."

"Mama anakulia kila siku."

"Naye asilie karibu na ilo sanduku. Kuku hatataga." Alicheka kile kicheko chake cha puani, na Feza, akiwa na hofu mpaka kwenye meno, akajikuta anacheka.

Kileleni Chanda aliegemeza baiskeli kwenye jiwe. Alikuwa amengoja tangu mwaka juzi kufika hapo. Alijinyoosha, akatazama upande wa Lubumbashi, ambako moshi wa majiko ya jioni ulikuwa umeanza kupanda, kisha akageuka akaanza kushuka ndani ya nyasi.

"Hapumuziki?" Feza aliuliza.

"Alisema atashuka," Djafari alijibu. "Iyo njo kazi. Sasa na weye enda, jua ikilala camions zinashuka mingi. Utakuya tena siku ya yenga?"

Feza alijua jibu lililofaa. Lilikuwa merci. Angelisema na kuondoka, baiskeli nyepesi, na kilima hiki kisingemhusu tena. Alifikiria mstari ule chini, na mama yake, na ukuta mwekundu uliompita begani.

"Nitashuka," alisema.

Alifika Lubumbashi wa mwisho kabisa, taa ya dinamo ikimwangazia mbele. Nyumbani hakuna aliyekuwa amelala wala kuondoka. Mariam alimpiga kofi moja begani, akamkumbatia, akampakulia bukari, ugali wa huko. Yasmine aliwaonyesha watu tena jinsi nukta ilivyopanda kilima polepole, kama iliyobebeshwa kitu. Mahamudu aliuosha mfuko kwa sabuni ya unga, mara ya pili kwa majivu, kisha akauanika na mkono ukiwa umebaki. Mariam aliomba asiuoshe tena. Sasa umetundikwa sebuleni.

Kamati ya Casimir ilikaa kwenye viti vya plastiki kuamua kama Feza alisaidiwa. Casimir aliona kwamba kusukumwa ni kusukumwa. Élie alieleza kwamba na yeye alisukumwa, na mshindi pia, na kila aliyepita.

"Basi iko kitu ya bantu bote," Casimir alisema baada ya kufikiri. "Kama pompe. Hakuna kosa."

"Na kuhusu camions?" Feza aliuliza. "Zinashuka bila kulia. Wote bananiambia vile. Nilibaona, papa Casimir, bako bengi."

Casimir alitazama kizibao chake mwenyewe, chenye picha ya lori. Alisema atalifikisha, na kwa kweli alilifikisha. Kampuni ilimpokea vizuri. Haikubisha kwamba wafu wapo pale wala kwamba ni wengi. Bwana aliyetumwa kuzungumza alisema madereva wanawaona mara kwa mara, wanapiga ishara ya msalaba na kuendelea. Akaeleza kwamba mafuta yamepanda bei. Akakubali kwamba tatizo ni sauti.

Muda si mrefu kampuni ilifanya sherehe kando ya barabara, na turubai na muziki, na kugawa kengele kwa wabeba makala. Zilikuwa kengele nzuri, nyekundu, za kupigwa kwa kidole gumba. Kila mtu alifungiwa ya kwake na kupigwa picha. Malori yalipita nyuma ya picha yakishuka, na wapiga picha hawakuhitaji kungoja yatulie, kwa sababu hayakupiga kelele.

Feza huenda kila Jumapili, siku ya yenga. Mariam humfungia chakula na hukaa na simu ya Yasmine mkononi mpaka nukta irudi; hajazoea, na hasemi kwamba amezoea. Mstari haupungui, maana kila anayefika juu hushuka. Jumapili iliyopita wa mwisho kwenye mstari alikuwa mgeni, kijana bado, magunia yake yana joto la tanuri. Alikuwa anatazama huku na huku kama mtu aliyekosea kituo.

"Weye njo mwenye kusukuma?" aliuliza.

"Ni mie. Shika usukani. Usiangalie nyuma."

Haikuwa zamu yake, lakini wengine walimwachia apite, kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza. Feza aliweka mikono yake kwenye gunia, na mkono wa Djafari ukaja ukakaa mahali pake, kushoto. Walipanda. Kwenye usukani wa kijana kengele nyekundu ilikuwa inang'aa, haijapata vumbi, na kila walipokanyaga shimo ililia yenyewe, kidogo.

Walipokaribia kona, Feza aliishika isilie, akasikiliza. Mbele yao hakukuwa na sauti yoyote. Wakaingia kwenye nyasi haraka, wote watatu.